Kifundo cha Kidole cha Kati

Jina la Mkono Mwepesi hakujipa mwenyewe. Alipewa na wagonjwa, na wagonjwa wa vidonda hawana sababu ya kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Walikuwa wakifika kwenye chumba cha kufungia vidonda na kuchungulia kwanza mlangoni kuona zamu ni ya nani. Wakimkuta yeye, wanaingia na kukaa. Wakimkuta mwenzake, yule mnene aliyebandua plasta kana kwamba anafungua bahasha, wanakumbuka ghafla kuwa wameacha maji jikoni.

Siri yake haikuwa siri. Alikuwa na subira, basi. Alimimina maji ya chumvi ya vuguvugu juu ya bandeji iliyogandamana na kidonda, akayaacha yalowe, akapiga soga. Alimwuliza mtu habari za wajukuu, za paa linalovuja, za jirani mwenye redio, mpaka shashi yenyewe ikachoka kung'ang'ania na kuachia. Alifanya hivyo kwa miaka kumi na tisa, muuguzi msaidizi, katika chumba chenye dirisha moja, kitanda kilichopasuka ngozi na toroli ambalo gurudumu lake moja lilikataa kwenda yalikokwenda mengine matatu. Watu aliowafundisha kushika kibanio cha kusafishia vidonda sasa walikuwa wakubwa wake. Mume alikuwepo, kisha hakuwepo, na habari hiyo haina utamu wa kusimuliwa. Alichobakiwa nacho ni mkono wake na mama yake.

Mama alikuwa fundi wa sare za shule. Nusu ya watoto wa mtaa ule walikwenda shule wakiwa wamevaa kazi yake, na cherehani yake ya miguu ilikaa chumba cha mbele, karibu na mlango, ili apate mwanga na apate pia habari za wapita njia. Alikuwa na mdomo, mama yule. Mzazi akileta kitambaa kifupi huambiwa wazi kwamba mtoto ataonekana magoti hadi mitihani. Kaka mtu, mtoto wa kwanza, aliishi mji mwingine na alipiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, akiwa ameshiba na ana maoni.

Sasa twende kwenye semina, maana yote yalianzia huko.

Dawa za maumivu katika hospitali ile zilikuwa zikiisha kila Jumatano. Glovu zilikuja zikikatika. Lakini mwezeshaji wa mbinu za akili alipatikana, akalipiwa pamoja na chumba cha wageni, akaja na viatu vilivyochongoka na karatasi nyeupe kubwa kama shuka. Akaibandika ukutani, akaandika neno moja tu: NANGA.

"Neno hili," akasema, "wataalamu wa akili wanalitumia kwa mambo tofauti kabisa, na watu wanayachanganya. Leo tutayatenganisha."

Akaanza na mchezo. Waliokaa upande wa dirisha aliwauliza kama hospitali yao inatumia zaidi ya sabuni elfu kumi kwa mwaka au pungufu, kisha kila mtu aandike makadirio yake. Waliokaa upande wa mlango aliwauliza kama ni zaidi ya sabuni mia moja au pungufu. Karatasi zilipokusanywa, watu wa dirishani walikuwa wameandika elfu saba, elfu nane. Watu wa mlangoni wameandika mia mbili, mia tatu. Mtunza stoo akasema sabuni yenyewe hajaiona tangu mwaka uliopita, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mnaona?" mwezeshaji akasema. "Namba ya kwanza kuisikia ndiyo inayokushika. Hata kama imetoka hewani. Akili inaanzia pale, inatambaa kidogo, haifiki mbali. Hiyo ni nanga ya kwanza, na hiyo ni adui."

Mkono Mwepesi alicheka na wenzake. Yeye alikaa upande wa dirisha na aliandika elfu nane.

Nanga ya pili ilikuwa pumzi. Ukijawa na wasiwasi, unarudi kwenye pumzi yako, unaihesabu ikiingia, unaihesabu ikitoka, mpaka mawimbi ya kichwani yatulie. Walifumba macho wote, na mwenzake mnene akakoroma.

Ya tatu ndiyo aliyoipenda. Mwezeshaji alimwita mbele mfagiaji wa wodi ya wanawake, mama mmoja mpole mwenye vidole vifupi, akamwambia akumbuke siku yake ya furaha kuliko zote, aione, aisikie, ainuse. Mfagiaji alifumba macho. Uso wake ulianza kulegea, kisha akatabasamu, na tabasamu lilipofika kileleni mwezeshaji akambonyeza kifundo cha kidole cha kati. Akarudia mara tatu. Kisha akamwacha, akazungumza mengine, halafu ghafla akambonyeza tena palepale bila kumwambia kitu. Mfagiaji akacheka peke yake hadi akaona aibu.

"Furaha imefungwa pale," mwezeshaji akasema. "Ukigusa tu, inakuja. Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo watu wanapoharibu."

Mlango ukafunguliwa. Jiko la hoteli fulani lilikuwa limelipuka, watu watatu wameletwa, na wote watatu walikuwa wanamtaka Mkono Mwepesi. Akanyanyuka, akaenda. Aliporudi, semina ilikuwa imefika kwenye chai.

"Kile cha mwisho alisema nini?" akamwuliza mwenzake.

"Aa, yaleyale," mwenzake akajibu, mdomo umejaa. "Bonyeza, pumua, bonyeza."

Akapewa cheti kama wengine. Mama alikitia kwenye fremu, akakitundika juu ya cherehani.

Haikupita miezi minne mama akaangusha sindano, akaikanyaga. Sindano ya cherehani, iliyovunjika, ilimwingia chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, ule wa kukanyagia, na hakuisikia. Kisukari kilikuwa kimekwisha kuutia mguu ule ganzi siku nyingi. Alishona nayo siku mbili nzima. Mtoto wa jirani ndiye aliyesema mbona bibi anaacha alama nyekundu sakafuni.

Mkono Mwepesi alimpeleka hospitali yake mwenyewe, akasimama naye kwenye foleni kama mtu yeyote. Daktari kijana wa mapokezi alitazama kidonda kwa muda wa kuandika jina. Mama, ambaye hakupenda mambo yasiyo na kipimo, akamwuliza: "Kitapona lini, daktari? Shule zinafungua, nina sare mia."

"Wiki sita," daktari akasema, na mkono wake tayari ulikuwa kwenye faili la mtu mwingine.

Basi. Wiki sita. Mama alirudi nyumbani, akachukua chaki ya kuchorea vitambaa, akachora mistari sita ukutani kando ya cherehani, imenyooka, sawasawa kwa urefu. Kila Jumatatu alikata mmoja. Wazazi wenye vitambaa waliambiwa wiki sita. Kaka aliambiwa wiki sita. Namba ile iliingia nyumbani ikakaa kitini kama mwenye nyumba, na hakuna aliyeiuliza imetoka wapi. Mkono Mwepesi, mwenye cheti cha mambo hayo hayo kwenye fremu juu ya mistari ile, naye alikuwa akihesabu.

Alikifunga kidonda cha mama yake mwenyewe, kila siku jioni, bado mwanga upo. Angemwachia nani? Mama alikaa kwenye kochi, akaunyanyua mguu, akauweka juu ya mapaja ya bintiye, na kazi ikaanza.

Ngozi ilikuwa imekufa ganzi, lakini ndani, karibu na mfupa, kulikuwa hai. Kusafisha mle kulimtoa mama jasho. Dawa za maumivu zilikuwepo Jumatatu na Jumanne. Siku zilizobaki kulikuwa na elimu.

"Mama, fumba macho. Kumbuka siku yako ya furaha kuliko zote," akasema, akamshika kidole cha kati cha mkono.

"Kidonda kiko mguuni, wewe unataka kidole?"

"Fumba tu, mama."

Mama alifumba. Hakuchukua muda kuitafuta. Ilikuwa siku aliyomaliza kumshonea bintiye sare ya kwanza ya uuguzi, kitambaa cheupe alichokificha chini ya godoro mwaka mzima kisije kikachafuka. Binti aliivaa, akazunguka mbele ya kioo cha kabati, akazunguka tena, na mama akiwa sakafuni na pini mdomoni akashindwa hata kumwambia asimame apime pindo. Akiisimulia siku hiyo, uso wake ulifunguka. Mkono Mwepesi akabonyeza kifundo cha kidole cha kati. Mara tatu, jioni tatu.

Na ilifanya kazi, tusidanganyane. Siku za mwanzo, akibonyezwa tu, mabega yalishuka na taya ikalegea. Mama akasema semina ile angalau haikuwa ya chai tu. Mkono Mwepesi akafurahi kuliko alivyofurahi siku ya cheti. Hivyo akaongeza. Kila alipofungua bandeji, alibonyeza kwanza. Kila kibanio kilipofika kwenye mfupa na mama akakunja uso, alibonyeza tena. Mama alipozidi kukunja uso, alizidi kubonyeza. Alikuwa na nia njema, na nia njema ndiyo iliyomziba macho.

Asubuhi moja ya wiki ya tatu alimpokeza mama kikombe cha chai, na kidole gumba chake kikagusa kifundo kile kwa bahati tu. Kikombe kikaanguka. Chai ikamwagika hadi chini ya cherehani.

"Kimeniteleza," mama akasema, na akautazama mkono wake mwenyewe kwa mshangao.

Walicheka, wakafuta sakafu. Jioni ile Mkono Mwepesi alibonyeza kwa upole zaidi.

Wiki ya nne harufu ilibadilika. Hapa ndipo msimulizi anapotaka kumshika mabega amtikise. Pua yake ilikuwa na miaka kumi na tisa ya kazi. Alikuwa mtu wa kuingia wodini na kusema kitanda cha tatu kutoka mlangoni kinataka daktari mkubwa leo hii, na mara zote ikawa kweli. Alifungua bandeji ya mama yake, harufu ile tamu ya nyama inayooza ikampanda puani, na moyo ukamwambia waziwazi: huu mguu unakwenda. Akainua macho. Ukutani mistari miwili ilikuwa bado haijakatwa.

Zimebaki wiki mbili, akajiambia. Tusiwe na pupa.

Angekuwa mgonjwa mwingine, asingengojea hata dakika kumi. Moyo ulimwenda mbio, na kwa kuwa ulimwenda mbio alifanya alivyofundishwa. Alihesabu pumzi ikiingia, akahesabu ikitoka, mpaka akatulia kabisa. Alitulia vizuri sana. Ule woga uliokuja kumwokoa mama yake aliupumua ukatoka dirishani.

Jumapili ya wiki ya sita kaka alipiga simu.

"Mama keshaanza kushona?"

"Bado, kaka. Kidonda hakijafunga. Nafikiri hata kimezidi."

"Kimezidi vipi? Si walisema wiki sita?"

"Walisema, lakini..."

"Sasa lakini ya nini? Daktari kasema sita, wewe upo naye kila siku, mtaalamu. Labda unakifunga vibaya, mdogo wangu. Mimi sijui, nauliza tu."

Alihesabu pumzi. Akasema watangoja kidogo tu. Mama naye hakutaka kuchora mstari wa saba. Alisema yeye ameambiwa sita, na kama mguu haujui kuhesabu hilo si kosa lake. Wakaongeza siku nne. Wakaongeza tatu. Hakuna aliyethubutu kwenda mbali na ile sita, ikawa inaongezwa kidogo kidogo.

Siku ya tisa baada ya mstari wa mwisho mama aliamka anatetemeka, anazungumza na watu wasiokuwepo kuhusu vifungo. Mkono Mwepesi alimbeba hadi kwa daktari mkubwa bila kupanga foleni yoyote. Daktari yule aliifungua bandeji, akaikunja tena, akavua miwani.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunangoja, daktari. Tuliambiwa wiki sita."

"Wiki sita? Kidonda cha kisukari, kimefika kwenye mfupa? Nani huyo?"

Kwa bahati mbaya, au nzuri, daktari kijana alikuwa anapita kwenye korido na soda mkononi. Akaitwa. Hakumkumbuka mama, wala hakukumbuka kidonda.

"Mimi nilisema sita?" akasema, na hakuwa anajitetea, alikuwa anashangaa kweli. "Inawezekana. Huwa nawaambia wote hivyo. Watu wanapenda kuambiwa kitu."

Mkono Mwepesi alimtazama yule kijana, akatazama soda yake, na kwa mara ya kwanza tangu semina hakuhesabu pumzi. Alisema maneno ambayo korido ile ilikuwa haijayasikia kutoka kinywani mwake kwa miaka kumi na tisa. Yalikuwa maneno sahihi, kila moja, na yalikuwa yamechelewa wiki tatu.

Mguu ulikatwa juu ya goti, siku hiyohiyo.

Baada ya operesheni muuguzi mkuu alimkataza kumfunga mama yake. Kidonda cha ndugu kinafungwa na mtu mwingine, akasema, ndiyo utaratibu, na Mkono Mwepesi hakuwa na uso wa kubishana. Kazi akapewa mwenzake mnene. Yeye alipita wodini asubuhi na jioni akiwa amevaa sare yake, akasimama upande wa kitanda, akamgusa mama mkono, na kila mara mama aliuvuta mkono ule chini ya shuka. Ni baridi, binti alijiambia. Ni homa.

Siku ya nne mwezeshaji alirudi. Wafadhili wa semina walikuwa wametaka kila mtu aipate tena, kwa ukamilifu, na majina yaliitwa kwa orodha. Mkono Mwepesi alikaa kiti cha nyuma. Karatasi nyeupe, neno lilelile. Sabuni elfu kumi, sabuni mia moja. Watu wakacheka palepale walipocheka mara ya kwanza, na yeye akatazama vidole vyake.

"Sasa sikilizeni kwa makini," mwezeshaji akasema, "maana hapa ndipo watu wanapoharibu." Safari hii mlango haukufunguliwa. "Usiguse alama yako, pale ulipofunga furaha, mtu akiwa anaumia. Iguse kabla, mbali na maumivu, mara chache. Ukiigusa kila maumivu yanapoanza, mwili haujui nia yako. Mwili unajua mpangilio tu. Unaguswa, unaumia. Unaguswa, unaumia. Mwisho, furaha uliyoifunga pale inatoka, na maumivu yanaingia mahali pake."

Mkono Mwepesi akanyoosha mkono. Watu waligeuka, kwa sababu hakuwa mtu wa kuuliza maswali.

"Na kama mtu amekwisha kuguswa hivyo? Kila siku? Wiki saba?"

Mwezeshaji alitabasamu. Alikuwa amelipenda swali. "Basi utakuwa umemfunza kuumia kila akikuona!" akasema, na ukumbi ukacheka.

"Inafutika?"

"Inafutika, kwa nini isifutike. Unakaa naye bila kufanya chochote, unamgusa na hakuna kinachouma, siku baada ya siku. Inachukua kama..."

"Usitaje," akasema. "Nakuomba usitaje namba."

Akatoka. Alikwenda kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akavua sare, akavaa gauni lake la nyumbani. Akaacha saa. Akanawa mikono kwa maji matupu, maana sabuni haikuwepo, hadi harufu ya dawa ikapungua. Hakuchukua toroli, hakuchukua glovu, hakuchukua hata kitambaa. Alitaka mama amwone anakuja mikono mitupu.

Ilikuwa saa nane mchana, na jua lilikuwa limefika kitandani. Sumu ya mguu ilikwisha kuingia kwenye damu, na madaktari walikuwa wameanza kupita kwenye kitanda kile kwa hatua ndefu. Yule mfagiaji mwenye vidole vifupi alikuwa ameketi kando, fagio limeegemea ukuta, anamkata mama kucha. Mkono wa mama ulikuwa umelala kwenye kiganja chake, wazi, vidole vimelegea kabisa. Tangu sindano ile Mkono Mwepesi hakuwa ameuona mkono huo umelegea hivyo.

"Afadhali umekuja," mfagiaji akasema, akainuka. "Njoo ukae, dada. Alikuwa ananiambia habari za vifungo."

Alikaa. Akauchukua mkono wa mama kwa vidole vyake viwili tu, kwenye upande wa kiganja, mbali na kifundo. Hakubonyeza. Hata kuushika hakuushika, aliupokea.

Mabega ya mama yakapanda. Taya ikafunga. Mkono wake wa pili ulitafuta ukingo wa godoro, ukaukamata, na chini ya shuka kipande cha paja kilichobaki kikaanza kunyanyuka, kinahangaika, kinatafuta kupanda juu ya mapaja ya bintiye kama kilivyozoea kila jioni. Macho hakufungua.

"Anza tu, mwanangu," mama akasema. "Umalize upesi."

"Mama, sikuja kufunga. Nimekuja kukaa na wewe tu."

"Najua. Anza."

"Mama, hakuna cha kufunga. Hebu kumbuka ile siku ya sare. Uliposhona ile nyeupe, ukaificha chini ya godoro..."

Mama akaguna kwa meno, kama alivyokuwa akiguna kibanio kinapofika kwenye mfupa. "Ya sare niachie," akasema. "Usiseme ya sare. Fanya tu kazi yako, nitavumilia."

Mkono Mwepesi aliusikia moyo wake ukivunjika, na hakutafuta pumzi yoyote ya kuutuliza. Kuendelea kumshika ni kumtesa. Kumwachia ni kumwacha. Akauweka mkono wa mama juu ya shuka, taratibu, akaondoa vidole vyake kimoja kimoja, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili. Akamwashiria mfagiaji kwa kichwa.

Mfagiaji akakaa tena mahali pake. Akauchukua mkono uleule, akaufumbata mzima, kifundo na vyote. Mabega ya mama yakashuka. Paja likalala. Vidole vikafunguka kimoja baada ya kingine.

"Amemaliza?" mama akauliza.

Mfagiaji akamtazama binti. Binti akaitikia kwa kichwa: mwambie ndiyo.

"Amemaliza, mama."

Mama akashusha pumzi ndefu. "Leo hakuniumiza sana," akasema. "Mwanangu yule ana mkono mwepesi."